Mikono Mingi, Mfuko Mmoja: Nani Anamlea Mtoto wa Karagwe na Kyerwa?

Dodoso la malezi likifika katika kijiji cha Nkwenda, Mabira au Nyaishozi, huanza na swali lililozoeleka: mlezi mkuu wa mtoto huyu ni nani? Jibu huja haraka, na mara nyingi ni mama. Mdadisi anaweka alama, anafungua ukurasa unaofuata, na kuanzia hapo habari zote za chakula, chanjo, michezo na maradhi zinaulizwa kwa mama peke yake. Wakati huohuo mtoto anayezungumziwa anaweza kuwa kwa bibi yake upande wa pili wa migomba, yuko mgongoni mwa dada yake wa miaka minane, na uji aliokunywa asubuhi ulikorogwa na mke wa baba yake mdogo. Hakuna aliyedanganya hapo. Mama kajibu alivyoulizwa, na mdadisi kaandika alichojibiwa. Hata hivyo picha inayopelekwa Dodoma au Geneva ni ya mama mmoja na mtoto mmoja, na picha hiyo haifanani na maisha ya huko. Hoja yangu ni kwamba katika wilaya hizi mbili mikono inayomlea mtoto ni mingi kuliko inavyohesabiwa, lakini fedha na kauli juu ya mtoto huyo ziko kwa watu wachache, ambao mara nyingi si wenye mikono hiyo. Kupita kwa walezi wengi hakumdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni pale anayemshika anapokuwa hana kitu, na mwenye kitu anapokuwa hamshiki.

Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipokatwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilikuta watu zaidi ya 320,000 katika kila moja. Ni nchi ya milima inayotenganishwa na Rwanda na Uganda na Mto Kagera, nchi ya Wanyambo pamoja na watu wengi waliohamia kutoka Bukoba na ng'ambo ya mipaka. Makazi yake ndiyo yanayoamua mtoto atazungukwa na nani. Nyumba iko katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, na mtoto wa kiume akioa hukatiwa sehemu ya kibanja cha baba yake au hupata shamba si mbali sana na hapo. Mwanamke ndiye anayehama. Kwa hiyo mtoto mchanga huzaliwa katikati ya watu wa upande wa baba: bibi mzaa baba, shangazi ambaye hajaolewa au amerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, wake za baba wadogo na baba wakubwa, na kundi la watoto wa rika zote. Mgeni katika kundi hilo ni mama yake. Anaingia katika mtandao wa malezi uliokuwapo kabla yake, na kauli yake ndani ya mtandao huo hukua taratibu, kadiri anavyozaa na kadiri anavyoelewana na mama mkwe.

Sayansi ya malezi ilichelewa kuyaona makazi ya namna hii. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na wazazi, akahitimisha kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake au na mtu mmoja anayeshika nafasi yake. Miaka michache baadaye mwenzake, Mary Ainsworth, alikwenda Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akifuatilia watoto 28 wakiwa majumbani mwao. Hawa ni majirani wa Wanyambo na wakulima wa migomba kama wao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1967, Ainsworth alieleza kwamba kulelewa na zaidi ya mtu mmoja hakukuwatenga watoto wenye utulivu na wale wasio na utulivu. Kilichowatenga zaidi ni jinsi mama alivyomfahamu mtoto wake, kiasi cha kuweza kumweleza kwa undani. Ajabu ni kwamba jina la Ainsworth linakumbukwa kwa kazi nyingine kabisa, jaribio alilolibuni Baltimore, ambamo mama, mtoto na mgeni wanaingia na kutoka katika chumba kimoja huku mtafiti akitazama. Jaribio hilo ndilo lililoenea vyuoni duniani kote. Bibi wa Kiganda hakupata nafasi katika chumba kile, na utafiti mwingi uliofuata ulimsahau pamoja na dada na shangazi.

Walikumbukwa tena kupitia jamii za wawindaji na wakusanyaji. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Edward Tronick na Gilda Morelli waliwaona watoto wachanga wa Waefe wakipita kwa walezi wengi, na ilipofika miezi minne hivi wakiwa mikononi mwa watu wengine kwa muda mrefu kuliko mikononi mwa mama zao. Kando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake walionyesha kwamba bibi wa Kihadzabe anayechimba mizizi porini anachangia uzito wa wajukuu wake, hasa pale mama anapokuwa na kichanga kipya. Mkulima wa Kyerwa anaweza kuuliza kwa haki kabisa yeye anahusikaje na watu wasiolima, wasiomiliki ardhi, wasio na posa wala kahawa. Ndiyo maana ni vema kusimama zaidi kwenye mapitio ya Rebecca Sear na Ruth Mace ya mwaka 2008, waliokusanya tafiti kutoka jamii nyingi, za wakulima na wafugaji zikiwamo. Walikuta kwamba kufa kwa mama kunahatarisha uhai wa mtoto kila mahali. Walikuta pia kwamba karibu kila jamii ina angalau ndugu mmoja zaidi ya mama ambaye kuwapo kwake kunamwongezea mtoto nafasi ya kuishi. Bibi mzaa mama alijitokeza mara nyingi zaidi kuliko bibi mzaa baba, na baba, jambo lililowashangaza wengi, mara nyingi hakuonekana kuleta tofauti katika uhai wa mtoto mdogo.

Matokeo hayo yanaipa Karagwe swali gumu kuliko inavyoonekana kwanza. Ikiwa bibi mwenye manufaa yaliyothibitika zaidi ni mzaa mama, basi desturi ya mwanamke kuhamia kwa mume inamweka bibi huyo mbali na mjukuu, vilima viwili au kata tatu kutoka hapo, na inamweka karibu yule ambaye ushahidi juu yake unayumba. Sisemi kwamba bibi mzaa baba hampendi mjukuu wake. Ninachosema ni kwamba mzigo wake ni tofauti. Yeye ana wajukuu wa wana wake wote palepale kibanjani, na mama wa mtoto si binti yake wa kumzaa ambaye wanaweza kuambizana ukweli bila kuchunga heshima. Ndoa ikivunjika, ukoo wa baba hudai mtoto ni wake, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora akae na mama yake. Vijijini dhana hiyo haifiki mbali. Mama anarudi kwao, mtoto anabaki kwa bibi mzaa baba, na kwenye fomu ya kliniki bibi anaandikwa kuwa mlezi kana kwamba aliomba kazi hiyo.

Kuhusu hayo yote Kagera ina bahati ya pekee, ikiwa bahati ni neno linalofaa, kwa sababu ushahidi wake ulitokana na msiba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji mara kwa mara zaidi ya kaya 900 katika wilaya zote za mkoa, Karagwe ya wakati huo ikiwamo, ili kujua vifo vya watu wazima vinawafanyia nini wanaobaki. Mwaka 2004, na tena 2010, kampuni ya utafiti ya EDI iliyokuwa Bukoba iliwatafuta watu walewale popote walipokuwa, ndani ya kijiji, Mwanza, Dar es Salaam na hata Uganda. Ni nadra kupata barani Afrika utafiti unaomfuata mtoto hadi utu uzima kwa namna hiyo. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliitumia hazina hiyo kuwalinganisha waliofiwa na wenzao ambao mwanzoni walikuwa na hali kama yao, katika jumuiya zilezile. Asilimia 19 ya watoto waliofuatiliwa walipoteza mzazi mmoja au wote wawili katika kipindi hicho kabla hawajafika miaka 15. Aliyefiwa na mama alifika utu uzima akiwa na upungufu wa sentimita 2 za urefu na mwaka mmoja wa shule, na matumizi yake ya maisha yakiwa chini kwa asilimia 8.5 ya wenzake ambao mama zao waliendelea kuishi.

Takwimu hizo zinaweza kuonekana kuvunja hoja yangu kabla haijasimama. Kama mama akifa pengo linadumu hadi utu uzima, na kama watoto wale wengi walichukuliwa na ndugu badala ya kupelekwa katika vituo vya yatima, basi si ndugu wameshindwa, na Bowlby alikuwa sahihi? Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa methali kuhusu kijiji. Lakini tuangalie kilichopotea ni nini. Sentimita 2 ni chakula na maradhi ya miaka mingi, na mwaka mmoja wa shule ni sare, madaftari, na mtu wa kusema "huyu haachi shule" pale nyumba inapobanwa. Hayo hayatimizwi na mikono peke yake. Yanahitaji mtu anayeweza kudai. Mama aliye hai ndiye anayemkumbusha baba kwamba kahawa imeuzwa na mtoto hana viatu, ndiye anayemwendea shangazi, ndiye anayechota maharage ghalani bila kuomba ruhusa kila siku. Akifa, bibi au shangazi anaweza kuichukua kazi yake yote ya kuosha, kulisha na kubeba, lakini hiyo haki ya kudai mara nyingi haihamii kwake. Hiyo ni tafsiri yangu; watafiti wenyewe walipima urefu na elimu, hawakupima madai. Naiona inaeleza ushahidi vizuri kuliko dhana kwamba upendo wa mama hauna mbadala, kwa sababu upendo wa bibi hauna tatizo lolote la kueleweka, ila bibi hana ghala.

Ushahidi mwingine unaelekea hukohuko. Mwaka 2017 David Lawson na wenzake, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walitoa uchambuzi wa vijiji vya kaskazini mwa nchi uliouliza kipi kinaambatana na njaa na afya mbaya ya mtoto: kulelewa na watu wasio wazazi wake, au kukosekana kwa baba. Lililoambatana na umaskini na afya mbaya lilikuwa kukosekana kwa baba. Kulelewa kwa ndugu hakukuwa na uhusiano huo. Ukilisoma jambo hili karibu na yale ya Sear na Mace utaona kama mgongano, kwamba huku baba hana maana na kule anayo. Mgongano unapungua ukitenganisha kushika na kulipa. Baba hachangii sana katika kumweka kichanga hai siku kwa siku, na anachangia sana katika kilichomo chunguni. Halafu kuna mradi wa Kwa Wazee, ulioanza Nshamba, wilayani Muleba, miaka ya mwanzo ya 2000, uliowapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo kila mwezi na nyongeza kwa ajili ya watoto. Tathmini ya 2008 ilionyesha fedha ile ilikokwenda: chumvi, sabuni, viatu vya shule, mlo wa ziada. Hakuna mlezi mpya aliyeongezwa katika nyumba zile. Mikono ilikuwa ileile ya bibi, sasa ikiwa na kitu ndani yake.

Karagwe na Kyerwa fedha kubwa ya mwaka ni ya kahawa, hasa robusta, inayovunwa kuanzia Mei hivi na kuuzwa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU. Anayeandikishwa kuwa mwanachama ni mwenye kibanja, na mwenye kibanja kwa kawaida ni mwanamume. Mwanamke hulima, hupalilia na kuchuma, halafu malipo huingia kwa jina la mwingine. Mbaya zaidi ni butura, mtindo wa kuiuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kutupa ili kupata fedha ya haraka, ambao serikali imeupiga vita kwa miaka mingi bila kuumaliza. Kwa kawaida butura huzungumzwa kama tatizo la bei na la wanunuzi wenye tamaa. Ningependa lizungumzwe pia kama tatizo la malezi, kwa sababu mkulima anayeuza maua anakula fedha ya mtoto miezi kadhaa kabla ya mavuno, mara nyingi bila mama wala bibi kujua bei wala siku. Kinachobaki kwa wanawake ni maharage, ndizi za kuuza sokoni Omurushaka, na vibarua. Kwa hiyo wenye kumshika mtoto wanaendesha malezi kwa fedha ya rejareja, ilhali fedha ya jumla inapita juu ya vichwa vyao.

Matokeo yake yanaonekana katika udumavu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2015/16 ulikuta karibu asilimia 42 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 34 hivi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hatua imepigwa, lakini mkoa wenye ndizi mwaka mzima bado uko juu ya wastani. Maelezo ya kawaida ni kwamba ndizi zinashibisha bila kujenga mwili, na ni kweli, ila hayatoshi. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Wataalamu wa lishe wanataka ale mara tatu au nne kwa siku, pamoja na vitafunwa na maziwa ya mama, na chakula chake kipondwe, kichanganywe na maharage, dagaa au karanga. Katika wiki za kupanda maharage mama hutoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeinama. Sufuria ya ndizi na maharage iliyopikwa asubuhi inafunikwa kwa jani la mgomba. Saa sita mchana mtoto analishwa na bibi mwenye macho yasiyoona vizuri, au na mtoto wa miaka saba anayempa vijiko vinne na kumaliza kilichobaki mwenyewe. Hapo somo la lishe alilopewa mama kliniki halina pa kukaa, kwa sababu aliyefundishwa yuko shambani na anayelisha hakufundishwa.

Habari ya ndugu wakubwa inahitaji kusemwa kwa uangalifu. Thomas Weisner na Ronald Gallimore waliandika mwaka 1977 kwamba katika sehemu kubwa ya dunia watoto hulelewa na watoto wenzao, na Robert LeVine aliwakuta Wagusii wa Kenya wakiwakabidhi wasichana wadogo kubeba vichanga huku mama akinyonyesha na kuitikia kilio. Karagwe ilikuwa hivyohivyo. Kisha shule ikaja kwa nguvu: ada ya shule za msingi ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Hilo ni jema lisilo na mjadala. Hata hivyo liliondoa nyumbani, kuanzia asubuhi hadi alasiri, mlezi aliyekuwa akipatikana kwa urahisi kuliko wote, na hakuna aliyekaa kupiga hesabu ya nani achukue nafasi yake. Kwa wenye uwezo mjini Kayanga jibu limekuwa msichana wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti wa familia maskini zaidi aliyeacha shule. Kijijini jibu limekuwa bibi kuongezewa saa.

Vipimo vyetu, kwa upande wao, havijui la kufanya na ndugu hawa. Katika tafiti za kaya zinazoendeshwa kwa msaada wa UNICEF kuna swali kuhusu nani amecheza na mtoto, kumwimbia, kumsimulia hadithi au kumtembeza katika siku tatu zilizopita, na wanaohesabiwa ni wanakaya wenye umri wa miaka 15 au zaidi. Katika dodoso hilohilo mtoto aliyeachwa chini ya uangalizi wa mwenzake wa chini ya miaka 10 kwa zaidi ya saa moja anahesabiwa kuwa ameachwa bila uangalizi unaofaa. Mtoto wa miaka tisa anayemwimbia mdogo wake mchana kutwa anatoka katika zoezi hilo akiwa sifuri kwenye kuchangamsha na alama mbaya kwenye usalama. Bibi naye, kama anapikia jiko lake hatua hamsini kutoka hapo, ni wa kaya nyingine, na nyimbo zake hazimo. Atakayepinga atasema mpaka huo uliwekwa kwa sababu: mtoto wa miaka tisa hawezi kuzuia ajali ya moto au ya kisima, na kumsifia ni kuhalalisha utumikishwaji wa watoto. Nakubaliana naye kuhusu moto na kisima, na zaidi kuhusu binti anayezuiwa kwenda shule ili abebe mtoto. Ila kulipima jambo kama hatari tupu hakuliondoi. Kunatufanya tu tusijue linafanyika kwa saa ngapi, msimu gani, na katika nyumba zipi.

Wapo wanaosema mjadala huu umechelewa, kwamba familia pana imekwisha kufa na kilichobaki ni kila mtu na wake. Data za Kagera haziungi mkono kauli hiyo moja kwa moja. Zinaonyesha watu wakitawanyika, na wanaotawanyika wakifaidika: katika miaka 13 ya kwanza ya ufuatiliaji, matumizi ya waliohama jumuiya zao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya waliobaki. Uhamaji wenye faida kiasi hicho hautasimama kwa mahubiri. Kijana wa kike wa Kyerwa anayekwenda kuuza duka Mwanza au kufanya kazi za ndani Dar es Salaam anamwacha mtoto kwa mama yake mzazi, na hapo, kwa njia ya kuzunguka, bibi mzaa mama anarudi katika malezi ambayo ndoa ya kuhamia kwa mume ilimtoa. Mara hii mikono na mfuko vimetengwa na kilomita mamia kadhaa, na kiungo kilichobaki ni simu. Mwezi ambao fedha inatumwa bibi anakwenda kwa wakala na mtoto anakula samaki. Mwezi ambao haikutumwa hakuna wa kumdai aliye mbali, na kupiga simu kwa ajili ya kuomba tu kuna aibu yake. Kuiita hali hiyo kifo cha familia ni kukata tamaa mapema. Ni familia inayofanya kazi kwa mkopo wa bibi.

Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, inayomhusu mtoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane na kujumuisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Maandishi yake yanawataja wazazi na walezi kwa pamoja, na hilo ni la kusifu. Utekelezaji bado unapitia mlango mmoja, benchi la kliniki, na anayekaa kwenye benchi hilo ni mama. Kwenye ajira rasmi sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3, lakini wakulima wa Mabira hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ingeweza kuwa mlango wa pili kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangeelekezwa kumfuata anayelisha mchana, awe nani, na kumfundisha yeye. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa kaya maskini ingeweza kuangalia mtoto analala na kula wapi kabla ya kuangalia jina la mkuu wa kaya. Na pensheni ya wazee, ambayo Zanzibar ilianza kuitoa mwaka 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, kwa kiwango cha kuanzia cha shilingi 20,000 kwa mwezi, ingekuwa kwa Kagera sera ya watoto kama ilivyo ya wazee. Gharama yake kwa Bara nzima ni kubwa, na anayeshika hazina ana haki ya kusita. Asite akijua kwamba gharama hiyo inalipwa hata sasa, na wanaoilipa ni wanawake wa miaka 65 wasio na kahawa kwa majina yao.

Kuna kundi moja ambalo maelezo haya yote hayalifikii vizuri. Mashamba ya migomba na maharage ya wilaya hizi yanategemea sana vibarua wanaotoka Burundi na Rwanda, na miongoni mwao wamo wanawake wenye watoto wa kunyonya. Hawana bibi upande wa pili wa migomba, hawana shangazi, na mwenye shamba anawapa kibanda na ujira wa siku. Mtoto hulazwa kwenye kanga chini ya mgomba wakati mama anapalilia, na akianza kutembea hufungiwa kibandani au huachiwa mtoto mwingine wa kibarua. Mama hawa huhama msimu ukiisha, wengine hawana vibali, na mdadisi akifika shambani huandika kaya ya mwenye shamba. Utafiti utakaofuata Karagwe na Kyerwa ungefaa uanzie kwao, ufanyike katika wiki za palizi wakati kila mtu yuko shambani, na uulize kwa kila saa ya mchana nani alikuwa na mtoto, alimpa nini, na fedha ya hicho alichompa ilitoka kwa nani.